Dawa Iliyomlegeza Mama

Mie yule daktari sikumwamini tangu aliponichekea. Mtu anayetaka kumpasua mama yako tumbo anachekea nini? Alitueleza, kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani, kuwa mama atapewa dawa ya usingizi, kisha nyengine mpya ya kulegeza misuli. Hiyo ingemlegeza mpaka kifua kishindwe kuvuta pumzi, naye daktari amvutie kwa kuminya mfuko wa mpira. Alikuwa akiwapima wagonjwa wake, ajue pumzi zao zinarudi baada ya muda gani.

"Na zisiporudi?" nikamuuliza.

"Zinarudi, bibi."

Ebo! Kwetu Jang'ombe watu walishasema hao ni mumiani, wanyonya damu, wakishakulegeza hata kupiga kelele huwezi. Lakini uvimbe ulikuwa unammaliza mama, na mfa maji haachi kutapatapa. Nikakubali huku roho yangu inakataa.

Alirudishwa wodini mchana, mkono ukiuinua unaanguka wenyewe. Pumzi inakoroma, inakatika, inarudi kwa shida. Daktari kageuka kuufuata mfuko wake. Mama mdogo, aliyekuja kutoka Makunduchi, hakungoja.

"Dada anakata roho! Tumwelekeze kibla!"

Tukamlaza ubavu wa kulia, uso kibla, mama mdogo akamsomea shahada sikioni. Mkoromo ukakoma. Kifua kikapanda, kikashuka. Daktari akarudi, akatazama saa yake, akasema tumefanya vyema, hivyo ndivyo mgonjwa wake anavyotakiwa kulazwa, ulimi usimzibe pumzi. Sisi tunamuaga mtu, yeye anatusifu! Nilitamani kumtia kofi.

Jioni mama akafumbua macho. Nililia kwa furaha, nikasema moyoni, masikini, daktari wa watu nimemsingizia bure.

"Mama yako mdogo kisomo chake kizuri," mama akasema kwa sauti ndogo. "Nliisikia shahada, nikawa naitikia moyoni. Nlitaka kukwambieni sijafa, hata ukope usiinuke."

"Ulianza kusikia lini, mama?"

Akageuza uso ukutani.

"Tangu mezani. Kisu kilipoingia nlipiga mayowe, mwanangu. Yakabaki humu humu ndani."

Mlangoni akatokea daktari na kicheko chake kile kile, anauliza kama bibi alilala vizuri. Nikainuka mimi kumjibu.