Hewa Iliyoliwa na Kutu

Mwaka uliofuata ghasia za uchaguzi, nilikuwa nikifundisha sayansi darasa la nane katika shule moja mtaa wa Munyaka. Somo la hewa na moto nilizoea kulifundisha kwa njia moja: unawasha mshumaa, unaufunika kwa glasi, unazimika. Mwaka ule, nilipowasha kiberiti, msichana wa dawati la mbele alisimama akatoka. Nilimkuta nyuma ya vyoo ametapika. Nyanya yake alibaki ndani nyumba yao ilipochomwa.

"Mwalimu, usinikasirikie," akasema. "Hiyo nitasoma peke yangu."

Hakuisoma. Kila ukurasa wenye picha ya moto aliuruka, na mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Shangazi aliyemchukua alikuwa amesema wazi kwamba akianguka, ataenda kuuza mboga soko la Cheptiret.

Nikaenda maktaba ya mjini. Nilifungua vitabu vyote vya sayansi vilivyokuwa rafuni, na vyote vilikuwa na mshumaa uleule chini ya glasi ileile. Nikahamia saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Video nazo zilikuwa miali mitupu. Nilirudi Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Mzee, kila wiki mishumaa tu," mwenye saiba akanitania. "Kanisani mko na kesha?"

"Natafuta mahali ambapo haipo."

Nilipomweleza sababu, aliacha kucheka, akavuta kiti tukatafuta pamoja.

Tulipata ukurasa wa mwalimu wa nchi ya mbali. Loweka nyuzi za chuma, zile za kusugulia sufuria, zisukume mpaka kwenye kitako cha chupa, kisha ipindue chupa, mdomo ndani ya karai la maji. Chuma kikishika kutu, hula hewa ileile inayoliwa na moto, na maji hupanda kuchukua nafasi yake. Nilimshukuru Mungu palepale kwenye kile kiti cha plastiki.

Lakini kutu haina haraka. Nilipoitega chupa darasani, siku ya kwanza hakuna kilichosogea.

"Mwalimu, hii sayansi yako imelala!" mmoja akasema, na darasa likaangua kicheko.

Msichana hakucheka, lakini hakutoka. Kila asubuhi alifika mapema kuliko wenzake, akainama kutazama maji. Yalipanda polepole, kisha yakasimama.

"Mbona hayajazi chupa?"

"Hewa iliyobaki si ile inayowasha moto."

Akafikiri. "Na hiyo iliyoliwa, kutu itairudisha?"

"Hapana, mama."

Akarudi kwenye dawati, akaandika.

Siku ya mtihani wa sayansi nilimngoja langoni.

"Walichora mshumaa," akaniambia. "Nilifunika picha na mkono, nikajibu."

Nikamwambia amefanya vyema. Akauliza kama anaweza kuketi kidogo kabla ya kwenda kwa shangazi. Tukaketi kwenye nyasi, wala sikumuuliza alijibu nini.