Chupa ya Chai ya Sabine

Shangazi yangu Sabine ana mdomo, na ukimwambia hivyo anakushukuru. Ameshona viatu vya ngozi ya sili, mnyama wa bahari yetu ya barafu, tangu usichana wake, amezika mume, na kila kiangazi hupanda nasi meli ndogo ya watalii kuwaonyesha wageni ushonaji. Mimi naendesha boti ya mpira inayowashusha ufukweni. Wageni wanampenda, ingawa nusu ya anayoyasema sithubutu kuyatafsiri.

Mwanawe wa pekee, Minik, alizama akiwinda, barafu ilipomkatikia. Asubuhi ile alikuwa ameondoka na chupa ya chai ya mama yake, ile nzuri inayotunza moto. Shangazi akampigia kelele dirishani, "Usirudi bila chupa yangu, mshenzi we!" Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyomwambia, na yalimkaa rohoni.

Mwaka huu zikaja habari: katika kijiji cha ndani ya ghuba kumezaliwa mtoto, wazazi wamempa jina la Minik. Kwetu, mtoto akipewa jina la marehemu, basi ndiye huyo amerudi, na mama wa marehemu humwita mwanangu hata kama kazaliwa na mwingine. Meli ilikuwa ipitie huko safari ya mwisho kabla bahari haijaganda. Magoti ya Shangazi hayawezi tena safari ya majira ya baridi, ya kuburuzwa na mbwa juu ya barafu. Asipomwona sasa angoje kiangazi kijacho, na kwa umri wake nani anajua.

Tulipofika, mdomo wa ghuba ulikuwa umejaa barafu. Gunvor, mkuu wa safari, akatangaza kwamba tunageuza, tunakwenda kwenye majabali ya ndege.

"Ndege?" Shangazi akaweka sindano chini. "Gunvor binti yangu, ndege hao nimewala tangu utoto, hatuna la kuambiana. Mimi niteremshe hapa."

"Utateremkia wapi, mama? Juu ya barafu?"

"Hata juu ya kichwa chako!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanigeukia, "Waambie kwa nini. Yote, usinikatie."

Nikawaeleza wageni habari ya Minik, ya chupa na ya mtoto. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetuchosha safari nzima na habari za ndege wake. Huyo huyo akairudisha darubini mfukoni. "Tusubiri," akasema.

"Maji yakigeuka na kuisukuma barafu, sawa," Gunvor akajibu. "Yasipogeuka, jioni tunaondoka."

Alasiri barafu ikaachana kidogo, upenyo wa boti tu. Nilimpeleka mwenyewe, nikisukuma mapande kwa kasia, naye amekumbatia viatu vidogo alivyoshona, ananitukana kila tukigonga.

Nyumba ilinukia kahawa. Arnaq, mama wa mtoto, akamkabidhi kichanga. Wa kike, maana kwetu jina la marehemu halichagui mume wala mke, mashavu tele. Shangazi akamvisha viatu vile vidogo, akamtazama.

"Haya, Minik," akasema. "Chupa yangu iko wapi?"

Mtoto akapiga chafya.

"Mnamwona? Jeuri ile ile!" Tukacheka, na yeye akacheka, kisha machozi yakamtiririka mpaka kwenye blanketi la mtoto. "Basi, mwanangu. Chupa iache huko huko. Mimi nilikuwa nakutaka wewe."