Pumzi za Salma na Chetezo cha Mamake

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kupima pumzi nilidhani nimepelekwa kuadhibiwa. Nilikuwa nimeuguza watoto miaka mingi, na miaka ya tisini ilipoanza Muuguzi Mkuu akanihamishia kliniki ya kifua, papa hapa kisiwani Mombasa. Chumbani mlikuwa na meza, viti viwili na spirometa, chombo chenye kalamu iliyochora mstari mgonjwa alipopuliza. Daktari wa Kifua, mtu wa bara asiyejua kucheka, alinipokea kwa maneno machache.

"Kadzo, hapa hakuna kubembeleza. Waambie watoe pumzi mpaka iishe, kisha waitoe tena."

Nyinyi wa leo mna vipimo vya kushika mkononi. Sisi tulipiga kelele, "Toa! Toa! Usiwache!" mpaka koo likakauka. Mstari ukipanda kwa haraka, mirija ya hewa iko wazi; ukijikokota, imevimba. Wengi waliokuja walikuwa wachukuzi wa maghala ya Shimanzi. Watu wazima wenye selimundu walikuwa wachache, na sababu yake iliniuma. Chembe za damu yao hupinda kama mundu zikaziba mishipa midogo, na kila zikiziba kifuani, pafu hubaki na kovu. Watoto wa ugonjwa huo niliowauguza wodini niliwatafuta kwenye benchi ya kliniki, nisiwaone.

Salma alikuwa mmoja wa waliofika utu uzima. Aliuza leso Biashara Street, na ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Leo nikiishinda hiyo kalamu yako, utanipa nini?" aliniuliza.

Hakuishinda. Mstari wake ulijikokota. Daktari aliutazama, akaniambia, "Muulize mamake wanachoma nini nyumbani."

Mamake, Bi Zuhura, alishangaa. Wodini walimwambia binti asipigwe na baridi, kwani baridi huamsha maumivu. Basi kila Salma aliposhikwa na maumivu, mama alifunga madirisha ya chumba chao kule Kuze, akaweka chetezo cha makaa na ubani chini ya kitanda, akamfunika gubigubi.

"Nimeambiwa nimtie joto," alisema. "Nami joto nilijualo ndilo hilo."

Hakuna aliyekuwa amemtajia moshi. Nilipomweleza, aliacha siku ile ile, na mstari wa Salma ukaanza kunyanyuka. Nilifurahi kupita kiasi.

Kisha kikaja kipupwe, na mvua juu yake. Maumivu yalimshika binti mifupani, akatetemeka na kulia, na mamake akashindwa kumtazama hivyo. Alifunga dirisha, akawasha makaa. Asubuhi walimleta midomo imekuwa myeusi. Tulimpa oksijeni, lakini hakuwa na pumzi ya kunitania. Alifariki kabla ya adhuhuri.

"Nambiani kweli," Bi Zuhura alisema. "Ni moshi?"

"Hatujui, mama," Daktari alijibu. "Damu ingeweza kuziba kifua hata bila moshi."

Alisema ukweli, nami nilimchukia kwa ukweli ule, maana haukumfaa mtu. Bi Zuhura alinigeukia.

"Haya, yeye hajui. Mimi najua."

Watu hudhani kazi yetu ilikuwa ya mashine. Mashine ilituonyesha pumzi zinavyopungua, ikaishia hapo. Mengine yalikuwa ya kuingia nyumba za watu kwa maneno, na kwa hilo hatukufunzwa.

Siku niliyostaafu, nimeshakabidhi funguo, Bi Zuhura alikuja na jirani yake na binti wa jirani, mwenye selimundu, anayekohoa.

"Nena naye wewe, Kadzo," aliniambia. "Mimi nikinena wanambia ni msiba umenipanda kichwani."

Tuliketi kwenye benchi ya nje, nikamweleza yule jirani yote tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, akaniuliza kama akichoma udi badala ya ubani itakuwa sawa. Bi Zuhura alijifunika uso kwa buibui, akalia kwa sauti, na binti wa watu akabaki anamtazama huku akikohoa.