Vidole Vinavyobaki Kwenye Picha

Tangu tetemeko la ardhi la ng'ambo la tarehe 6 Februari 2023, alipoona picha ya baba aliyeshika mkono wa bintiye aliyekufa kifusini, fundi wa eksirei katika zahanati moja ya Kasenga, mjini Uvira, anamruhusu mzazi abaki na mtoto wakati wa kupigwa picha. Humvika mwenyewe aproni nzito ya kukinga miale, huikaza kiunoni, kisha husema kwa sauti ya chini, kama yuko kanisani: "Mushike, mama. Usimuachilie." Picha ikitokea, huvifunika kwa viganja vidole vya mzazi kwenye skrini kabla ya kumwita atazame.

Leo Bernardine, mkulima wa mpunga kutoka Luberizi, amemleta bintiye wa miaka miwili aliyemeza betri ya saa. Fundi ameduwaa akilitazama duara jeupe lililokwama kooni, na viganja vimechelewa. Bernardine ameona shingo ya mtoto, na mifupa ya mikono miwili imeizunguka.

"Ni nani iko anamukaba mwanangu?"

"Ni weye, mama. Ni mikono yako."

"Minye? Minye niko muzima!"

"Ndiyo maana ninafunikaka." Analigusa lile duara. "Angalia hii. Iko inamuunguza koo."

Mtoto atapelekwa upasuaji sasa hivi. Huko mama hataruhusiwa kuingia.