Fungu la Kulwa

Nilipokuwa mtoto, kila mwaka mvua zikikaribia nilipimwa sweta mara mbili. Mara ya kwanza nilipimwa mimi. Mama aliniita uani, akanisimamisha karibu na kamba ya kuanikia, akanizungushia uzi kifuani na kufunga fundo. Aliunyoosha kutoka begani hadi kiganjani, fundo la pili. Kutoka shingoni hadi kiunoni, la tatu. Kisha alichukua uzi mwingine na kusema, kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe mlangoni, "Haya, tulia hivyohivyo. Sasa mwenzako."

Mwenzangu alikuwa Kulwa, pacha wangu, aliyenitangulia kuzaliwa na kunitangulia kufa. Surua ilimchukua tukiwa na miezi minane. Mimi ni Doto. Kwetu Usukumani majina haya hayana mjadala: pacha wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, na wazazi wanapumzishwa kazi ya kufikiri.

Tuliishi Igoma, Mwanza, na mama alikuwa mfumaji. Alifuma vitambaa vya makochi, kofia za watoto wachanga na masweta ya shule. Uzi mpya wa dukani ulikuwa ghali, kwa hiyo alinunua masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko, akayafumua, akafua nyuzi na kuzitundika na jiwe kwa chini ili zinyooke. Mgeni angedhani tunakausha tambi. Watu husema watoto wa mjini tulivaa Ulaya. Mimi nilivaa Ulaya iliyofumuliwa.

Sheria ya masweta mawili ilitoka kwa bibi, mama yake mama, aliyeishi Bujora na kutujia kila alipohisi tunaanza kujisahau. Mapacha hugawana sawa, alisema, na fungu la aliyekufa halifi naye. "Ukimnyima atakuja kuuliza. Na hatamuuliza mama yake. Atamuuliza mwenzake." Hapo alikuwa akinitazama mimi, kwa huruma kidogo, kama mtu anayemtazama mdhamini.

Basi mama alifuma mawili. Langu nilivaa mpaka likaisha. La Kulwa lilikunjwa likawekwa sandukuni, na mwaka uliofuata lilifumuliwa, likaongezwa uzi, likafumwa upya kubwa zaidi. Hivyo ndivyo dada yangu alivyokua. Na kwa kuwa uzi wake haukuwahi kukutana na tope wala miba, alikuwa nadhifu kunizidi. Alikuwa mrefu kunizidi pia. Niligundua siku moja kwamba fundo lake la mkono lilikuwa mbele ya langu kwa upana wa kidole.

"Mama, si tunalingana?"

"Nani kakwambia? Mwenzako alizaliwa mzito."

Serikali haikuwa mbali na bibi katika jambo hili. Kulwa alikuwa na kadi ya kliniki na tangazo la kizazi kama mimi, na kwa kuwa hakuna aliyekwenda ofisini kusema amekufa, jina lake lilifika kwenye orodha ya watoto wa kuanza darasa la kwanza. Mwalimu aliliita kila asubuhi, likanyamaza kila asubuhi, na baada ya muhula mmoja mama aliletewa barua yenye mhuri: mwanao ni mtoro sugu, fika shuleni bila kukosa. Mama alikwenda. Alirudi na ile barua na kuiweka sandukuni, juu ya sweta. Siku hizi nadhani ilimfurahisha. Ilikuwa karatasi ya kwanza, baada ya miaka saba, kumlaumu kwa kosa la mtoto aliye hai.

Mtaani nako aliitwa Mama Kulwa, kwa sababu mama huitwa kwa mtoto wa kwanza. Mimi niliyetumwa dukani, niliyechota maji, niliyechapwa, sikuwa kwenye jina lake. Sikuona wivu wa kusemeka. Ilikuwa kama kuishi na dada mkubwa asiyekosea kamwe.

Nilipofika miaka kumi, mama alinipima siku ambayo jirani yetu Minza na wenzake wawili walikuwa wakicheza rede nyuma ya ua wetu wa minyaa. Nilipimwa mimi, salama. Mama aliposema "sasa mwenzako," mchezo ukasimama.

"Kulwa, inua mkono!" Minza akaita. "Mbona huinui? Umekauka?"

"Doto we, leo wewe ni mzima au marehemu?" akauliza mwingine.

"Usimcheke, usiku atakuja na hilo sweta!"

Nikaushusha mkono. "Sitaki," nikasema. "Mimi siyo Kulwa. Kulwa amekufa."

Mama alikuwa amekwisha kulifumua sweta la Kulwa la mwaka uliopita. Uzi wake ulikuwa miguuni pake, mabonge manne ya kijani. Alitazama minyaa, akanitazama mimi. Hakugomba.

"Najua, mwanangu," akasema taratibu, ili wale wasisikie. "Lakini sina pengine pa kumpimia."

Ningekuwa na umri nilionao leo, ningesimama pale mpaka jua lizame. Nilikuwa na miaka kumi.

"Mpime Minza," nikasema, nikaingia ndani.

Kuanzia siku hiyo nilimngoja Kulwa. Kila kikohozi nilikisikiliza kama hodi. Nilimwachia nusu ya kiti, nusu ya muwa, na mara moja nusu ya yai, ambayo ni sadaka kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa. Mama alikuwa akifuma vitambaa vya watu. Mabonge ya kijani yalikaa kwenye ungo.

Wiki ya tatu nikashikwa na homa. Mtoto wa Mwanza asiyeugua malaria wakati wa mvua anatakiwa apelekwe makumbusho, lakini mimi sikuwaza mbu. Nililala mkekani nikijua ni nani amefika. Bibi alishuka kutoka Bujora siku hiyohiyo, akaweka mkono kwenye paji langu, akamgeukia mama.

"Sweta liko wapi?"

"Sijafuma."

"Kwa nini?"

Mama hakunisemea. Akajibu tu, "Sikupata kipimo."

"Kipimo huyu hapa! Mpime hivyohivyo alivyolala, uanze sasa hivi. Unangoja aulizwe mara ya pili?"

Mama akachukua uzi. Akapiga magoti. Nilihisi mkono wake ukipita chini ya mgongo wangu, kisha uzi ukanyooka kutoka begani kuteremka.

Mtaani kwetu nilikuwa nimewahi kuona mtu akipimwa akiwa amelala. Alikuwa babu wa nyumba ya pili, na aliyempima alikuwa fundi seremala, kwa ufito, huku wanawake wakilia nje. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi barabara ya Musoma. "Msinipime! Sijafa! Mama, sijafa mimi!"

Mama akauachia uzi kana kwamba umemchoma.

"Endelea," bibi akasema. "Ni homa hiyo inasema. Ng'wanawane, mwanangu, endelea, atamchukua na huyu."

"Basi, mama," mama akamjibu.

"Utakuja kulia."

"Basi, nimesema!" Sikuwahi kumsikia mama akimpandishia bibi sauti, wala sikumsikia tena. "Ninaye mmoja. Sikia, mama. Ninaye mmoja."

Lilikuwa neno nililolitaka tangu nijue kutaka. Nililipata nikiwa nimelala chali, nikaona jinsi linavyotoka: mdomo wake ulitetemeka kabla halijatoka na uliendelea kutetemeka baada ya kutoka. Kisha alinibeba mgongoni, msichana wa miaka kumi mwenye miguu inayoburuta, akanipeleka zahanati. Nikachomwa kwinini siku kadhaa, nikapona. Mganga wa zahanati alisema ni dawa. Bibi alisema Kulwa amesikia na amesamehe. Kila mmoja alijiandikia ushindi.

Mama hakuandika chochote. Uzi wa kijani aliufuma kofia za watoto wachanga, akazipeleka sokoni. Aliendelea kunifumia mimi sweta moja kila mwaka hadi nilipomaliza shule, na kila aliponipima alipofika fundo la tatu mikono yake ilibaki hewani kidogo, kama ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mimi nilikuwa nikingoja aseme "sasa mwenzako." Nilikuwa nimekwisha jiandaa kukubali. Hakusema, nami sikujua jinsi ya kumwambia nipime tena.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu imani za wazee wetu, na baadhi vimeandikwa na watu wenye shahada nyingi kuliko ukoo wetu mzima. Vinaeleza vizuri hofu ya wafu. Hakuna kilichoniambia kuhusu dakika tano za kila mwaka ambazo mama mmoja wa Igoma alipewa ruhusa ya kumgusa mtoto wake aliyekufa mabega. Bibi alisema nikimnyima Kulwa fungu lake, kuna kitakachochukuliwa. Mimi nilidhani nitachukuliwa mimi.

Mama alifariki mwaka jana. Nilikwenda ofisi ya wilaya ya Nyamagana kushughulikia mirathi, nikiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo na bahasha ya karatasi zake zote. Karani, kijana mpole mwenye mihuri mitano mezani, alizipanga, akasimama kwenye matangazo mawili ya kizazi.

"Dada, huyu Kulwa yuko wapi?"

"Alifariki. Tulikuwa wachanga."

"Cheti cha kifo?"

"Hakuna."

"Basi kwetu yupo." Akafikiri, akaonekana kunihurumia. Akalisukuma tangazo la Kulwa kuelekea upande wangu. "Si ulichukue tu hili urudi nalo nyumbani? Andika marehemu aliacha mtoto mmoja. Leo hiihii unamaliza."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Sehemu ilikuwa wazi: idadi ya watoto wa marehemu.

"Wawili," nikasema, nikaandika.

Akashusha pumzi, akavuta droo na kunitolea fomu nyingine, ya kuandikisha kifo kilichochelewa kuripotiwa. Jina, nililijaza. Jinsia, nilijaza. Mahali, nilijaza. Nikafika kwenye tarehe ya kifo, nikakaa.

"Umeisahau?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Ninazo mbili."

Akanitazama, akatazama fomu, akageuza upande wa pili kuhakikisha. "Nafasi ipo moja tu, dada," akasema. Nikaandika ile ya surua; ile ya uani nikabaki nayo.