Wakala wa Bima kwenye Foleni ya Feri

Wakala wa bima wa Likoni husalimia kioo cha gari kwanza, kisha mwenyewe. Kila asubuhi namwona kutoka kwenye meza yangu ya magazeti, apita polepole kando ya magari yanayosubiri feri, mikono nyuma, macho kwenye vibandiko vya bima. Akiona kimoja kinakaribia kwisha, huinama dirishani na kusema kwa sauti ya kutoa pole, “Niachie mimi, nitakutafutia ya rahisi.”

Juzi alimwinamia Bi Mastura, mkunga wa Mtongwe. Bei aliyomtajia ingemfanya aiache Datsun yake nyumbani na kuwaendea wajawazito kwa miguu. Bi Mastura akamwambia amezunguka ofisi za mjini mwenyewe, na moja imekubali kumpa bima ileile kwa nafuu kubwa, na ndiko anakokwenda. Wakala akavua kofia, akajikuna.

“Wallahi, hiyo mimi nisingekupatia. Kata hukohuko, mama.”

Kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaketi.

“Nawe waenda wapi?”

“Ofisi hiyo. Nami nikaijue.”

Leo nimemsikia akimwambia dereva wa teksi kwamba ofisi hiyo aliivumbua yeye.