Bega Bila Pamba

Watu wengine waliigundua nyumba ya chakula ya Donna Rituccia kwa pua. Don Catello Imparato aliigundua kwa hasira. Alikuwa na miaka thelathini na sita, fundi suti mwenye duka lake mwenyewe pale mtaa wa Sanità, Napoli, na mchana mmoja alikuwa anarudi kutoka kupeleka suruali za mteja. Mbele yake akamwona mwanamume mrefu amebeba kreti ya divai, amevaa koti jeusi ambalo kola yake ilikaa mbali na shingo, pengo la vidole viwili vizima. Mtu mwingine angepita zake. Don Catello hakuweza. Alimfuata kichochoro baada ya kichochoro, anasonya peke yake, mpaka yule mwanamume akashuka ngazi tano na kuingia kwenye mlango usio na kibao wala jina.

"Samahani, bwana," Don Catello akamwambia, "nani kakufanyia unyama huu?"

"Unyama gani?"

"Hilo koti."

Mwanamume akaweka kreti chini, akampima kwa macho toka juu mpaka chini. "Nilioa nalo hili. Umeshakula?"

"Sikuja kula, mimi ni fundi, nime..."

"Basi kaa kwanza. Unitukane ukiwa umeshiba."

Hivyo ndivyo alivyojuana na Sossio, mume wa Donna Rituccia. Mke alipika, mume alibeba sahani. Meza sita, na hakuna karatasi ya kuchagua chakula: unakula alichoamka nacho moyoni mama mwenye jiko. Ijumaa samaki wa chumvi. Jumatatu makaroni ya viazi na jibini ya moshi. Alhamisi mchuzi wa vitunguu, vilivyokaa motoni tangu alfajiri mpaka vikasahau kwamba viliwahi kuwa vitunguu. Ukiuliza kama kuna kitu kingine, Sossio alikujibu kwa upole mkubwa kwamba kipo, nyumbani kwa mama yako. Na hata Agosti, joto likiwa linatoa watu roho, hakubeba sahani bila koti na tai.

Don Catello hakuoa. Alisema hakupata nafasi, na sisi tuliomjua tuliyaacha hapo hapo. Chakula chake cha mchana cha miaka thelathini na sita alikila kwenye meza moja ya karibu na mlango, na katika miaka hiyo alimshonea Sossio makoti sita. Ukiyalaza yote juu ya meza huwezi kujua lipi la zamani na lipi la juzi. Mitindo ilikuja, ikapiga hodi dukani kwake, ikaondoka. Kola pana, kola nyembamba, vifungo vinne, kifungo kimoja, yeye alitazama tu kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani. Jambo moja ndilo lililokuwa dini kwake, kama kwa mafundi wote wa Napoli waliofundishwa vizuri: bega halitiwi kitu. Roma wanatia pamba, Milano wanatia pamba, Waingereza sijui wanatia nini. Koti la Napoli linalala juu ya mtu mwenyewe. Ukimshika begani, umemshika yeye.

Sasa nije kwenye Januari ile. Saa kumi alasiri, vyombo vikiwa vimeshaoshwa kule chini, Sossio aliingia dukani akafunga mlango nyuma yake.

"Fundi, nataka koti."

"Una makoti sita."

"Nataka la saba. Lenye pamba mabegani."

Don Catello alicheka mpaka akavua miwani. "Nenda Milano. Treni inaondoka kila saa."

Sossio hakucheka. Alivua kabuti, akavua koti, akavua tai, akafungua shati. Fulana mbili za sufu, moja juu ya nyingine. Akazivua nazo. Don Catello alikuwa amepima miili ya wanaume tangu ana miaka kumi na minane, na hakuhitaji futi kujua anatazama nini. Mifupa ya mabega ilikuwa imesimama kama hanga isiyo na nguo.

"Tangu lini?"

"Novemba. Saratani ya kongosho. Daktari kasema nikiiona Pasaka nimshukuru Mungu."

"Na Rituccia?"

"Hajui. Yeye hulala saa mbili ili aamke alfajiri kuwasha jiko. Mimi napanda kitandani gizani, na fulana zangu. Nimemwambia nimeacha mkate kwa ajili ya tumbo."

"Mwambie mkeo, Sossio."

"Nikimwambia atazima jiko. Unamjua. Mama yake alipougua alilifunga jiko miezi saba, akakaa pembeni ya kitanda anamtazama mwenzake anavyokwisha. Mimi sitaki kutazamwa, Catello. Mimi nataka kubeba sahani. Siku nitakayokaa chini ndiyo siku nitakayokufa, na jiko likizimwa nitakaa siku hiyo hiyo. Nipe mabega, fundi. Nipe kifua. Mpaka Pasaka tu. Na uniapie kwamba hutamwambia."

Don Catello aliapa. Angefanya nini? Alichukua vipimo bila kusema namba kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kifua kilikuwa kimepungua sentimita kumi na moja.

Kesho yake alikwenda kwa muuza vifungo kununua pamba za mabega, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akazitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayenunua dawa ya ugonjwa wa aibu. "Mama yangu!" yule mama muuzaji akapiga makofi. "Don Catello! Leo unamshonea nani, sanamu ya uwanjani?" Akajibu kwamba ni mteja wa Milano, akatoka masikio yakimwaka moto. Akakata, akapiga bandi za kushikiza, akashona. Aliweka pamba tabaka kwa tabaka, nyembamba begani, nyingine kifuani, kidogo mgongoni pale nguo inapoanguka. Lilikuwa koti zuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku Sossio alipolivaa, hakuna aliyegundua kitu. Wakili Scognamiglio, mteja wa miaka mingi mwenye mdomo usiojua kupumzika, alipiga meza kwa furaha: "Don Sossio, umenenepa wewe!"

"Mimi nina mke anayepika, wakili. Wewe wako anakufanyia nini?"

Watu wakaangua kicheko. Don Catello naye alijilazimisha kucheka. Kisha Donna Rituccia akatoka jikoni. Hutoka mara moja tu, mwishoni, na bakuli la machungwa, na nafasi kati ya meza na ukuta ni ya mtu mmoja na nusu, kwa hiyo humshika mumewe begani ili ampishe. Alimshika. Mkono ukabaki pale. Ukabonyeza kidogo, kama mtu anavyobonyeza mkate kujua kama umeiva. Halafu akainua macho, wala hakumtazama mumewe, alimtazama Don Catello. Fundi wa watu akainamia sahani yake kama mwizi. Donna Rituccia aligawa machungwa meza zote, hata ile ya mwisho, akarudi jikoni.

Asubuhi iliyofuata alikuwa dukani kwa fundi, aproni ikichungulia chini ya kabuti. Katika miaka yote ile hakuwahi kutoka jikoni saa ile.

"Kuna nini?" Don Catello akashtuka. "Nani kafa?"

"Wewe ndiye utakayekufa. Ana nini mume wangu?"

"Donna Rituccia, mimi niliapa."

"Basi funga mdomo wako. Nitasema mimi. Nikikosea, niambie nimekosea."

Akasema. Mkate alioacha. Mkanda wenye matundu mapya aliyoyakuta kwenye suruali. Alhamisi mbili alizosema anakwenda posta, akarudi na harufu ya hospitali. Don Catello hakumwambia popote kwamba amekosea. Alipomaliza, akakaa kwenye kiti cha wateja na kushika magoti yake.

"Mshenzi wewe," akasema. "Miaka thelathini na sita unakula kwenye meza yangu. Nakuwekea sehemu ya chini ya sufuria, ile iliyoshika kidogo, kwa sababu najua unaipenda. Na unaniibia."

"Sijakuibia, Donna Rituccia."

"Umeniibia! Miaka arobaini naweka mkono pale. Jana nimeshika pamba." Machozi hayakumtoka. Afadhali yangemtoka, fundi angejua la kufanya.

"Alisema utazima jiko. Kwamba ukizima, atakufa siku hiyo hiyo."

"Ningezima, kweli. Jana nilishika ndoo ya maji nimwage. Nikasimama nayo. Nikajiambia, Rituccia, ukizima hapa mtabaki wawili chumbani mnatazamana, yeye anakudanganya, wewe unamdanganya. Sizimi. Abebe sahani mpaka zimdondoke. Lakini wewe utamshonea koti jingine, na ndani usitie kitu. Muda uliobaki nataka nimguse yeye."

"Watu watamwona alivyokwisha."

"Wamwone." Akasimama, akafunga kabuti. "Nina vitunguu motoni."

Hilo lilikuwa koti gumu kuliko yote aliyopata kushona. Pamba inasamehe mengi, mfupa hausamehe hata kimoja. Alilikata kwa mwili ule kama ulivyo, bila kuuficha na bila kuutangaza, na mara mbili alifumua bega la kushoto lote akaanza upya, akijitukana. Siku ya tano Sossio akalivaa mbele ya kioo. Akajitazama sana. Kisha akapeleka mkono begani, akashika, akaelewa.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Alilia?"

"Alinitukana."

"Afadhali," Sossio akasema. "Afadhali, Catello. Nilikuwa nimechoka kulala na fulana mbili."

Mchana ule alipotoka na sahani tatu mkononi, sauti zilikatika meza moja baada ya nyingine. Wakili Scognamiglio alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kufuta miwani isiyo na vumbi. "Kuleni!" Sossio akafoka. "Mnasubiri nini? Mmekuja msibani?" Watu wakala. Na Donna Rituccia alipotoka na machungwa, alimshika mumewe begani, mkono ukakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa mtu anayepita tu. Watu walitazama sahani zao.

Machi zikawa sahani mbili, halafu moja, halafu hiyo moja nayo ikaanguka. Kabla mtu hajainama kuokota vipande, sauti ikatoka jikoni: "Wakili! Hiyo miguu uliyopewa na Mungu ina kazi gani?" Wakili akainuka, akaenda kuchukua sahani yake mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mtu alijibebea. Sossio alikaa kwenye kiti karibu na mlango, koti na tai, akiwasimamia kama askari. "Kidole kwenye mchuzi, profesa! Sahani inabebwa, haikumbatiwi!" Wageni waliokuja na simu zao, wakitafuta ile nyumba isiyo na kibao waliyosimuliwa na wenzao, walidhani ndiyo desturi ya mahali pale, wakapiga picha. Tuliwaacha wadhani hivyo.

Jiko halikuzimwa hata siku moja alipokuwa anaugua. Pasaka hakuiona. Alifariki Jumanne ya Juma Kuu, asubuhi, na siku moja kabla alikuwa amekaa kwenye kiti chake na kumfukuza mtu aliyeingia na kaptula.

Don Catello alikwenda nyumbani kumuaga. Maiti ilikuwa imelazwa kitandani, imenyolewa, imefungwa tai vizuri, na alipoangalia bega, damu ilimpanda kichwani. Alikuwa amevalishwa lile koti la pamba. Mwanamke aliyemwita mwizi, aliyemfanya afumue bega mara mbili, anamzika mumewe na pamba! Alimpa mkono Donna Rituccia, akaenda kanisani, akaenda makaburini, akarudi dukani. Siku saba alikula mkate na jibini juu ya meza ya kukatia nguo, na kila aliyemwambia kwamba kule chini jiko limeshawashwa alimjibu kwamba hana njaa.

Siku ya nane alishindwa. Akashuka zile ngazi tano. Meza zilikuwa zimejaa, watu wamejibebea, na wakili alimwonyesha jikoni kwa kichwa.

Donna Rituccia alikuwa amesimama mbele ya jiko, amempa mgongo, anakoroga. Juu ya gauni jeusi na aproni alikuwa amevaa koti la mumewe, lile lisilotiwa kitu. Mgongoni bado lilikuwa limeshika umbo la Sossio, pale alipokuwa ameinama kidogo upande wa kushoto. Don Catello alisimama mlangoni. Alitaka kumwomba radhi kwa yote aliyowaza wiki nzima, lakini yeye ni fundi, na kilichomtoka ni cha fundi.

"Donna Rituccia, niachie siku moja tu. Nilipunguze, likukae."

Hakugeuka. "Limemkaa mwenyewe," akasema. "Ukiligusa nitakukata vidole."

Akakwangua chini ya sufuria, pale palipokuwa pameshika kidogo, akajaza sahani, akaiweka pembeni ya jiko.

"Beba ukale, inapoa."

Akaibeba.